Kabla ya bei, nionyeshe tangi

Wateja wengi wa Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, hupiga simu na ombi moja: "Nitumie kotesheni ya pampu ya zimamoto." Mimi situmi kabla sijaliona tangi. Pampu hii inaweza kukaa miaka bila kuitwa, na siku itakapoitwa inatakiwa iwake papo hapo na isizime.

Jambo la kwanza ninalotazama ni maji yako wapi. Viwanda vingi vimechimbia tangi chini ya maegesho ya malori, na mnunuzi anataka pampu ya kulala, yaani yenye mhimili uliolala, ikae juu yake ivute maji. Pale Mombasa, uzito wa hewa unaweza kupandisha maji mita 10.3 hivi ndani ya bomba lisilo na hewa. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni kama mita 8.4 tu. Toa msuguano wa bomba, toa mahitaji ya pampu yenyewe, kinachobaki ni kidogo mno. Na vali ya chini, ile ya mwisho wa bomba inayozuia maji kurudi tangini, ikivuja, bomba linaingia hewa, pampu inazunguka bila kutoa tone. NFPA 20, kiwango cha Marekani kinachotumika sana katika kazi hii, hakiruhusu pampu ya kulala ivute maji kutoka chini: yaiingie yenyewe kwa uzito wake. Tangi likiwa ardhini, ushauri wangu ni tabaini ya wima, pampu iliyosimama ambayo sehemu yake ya kusukuma maji huzama majini. Bei yake iko juu, na meneja wa ununuzi hukunja uso. Hapo mimi huomba injinia wa kiwanda aje tukae na hesabu, maana yeye ndiye atakayeulizwa moto ukitokea.

Mwinuko huohuo huibia injini ya dizeli. Kwa injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, kanuni ni kupunguza asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, baada ya zile 91 za kwanza. Kilowati 100 za kwenye katalogi hapa kwetu ni kama 84. Muuzaji anayenukuu katalogi bila kupunguza anamuuzia mtu injini ndogo kuliko aliyolipia, na jambo hilo linanikera kweli.

Kisha kuna grafu ya pampu, inayoonyesha presha kwa kila kiasi cha maji, ambayo watu huipita haraka. Pampu ya lita 1,900 kwa dakika kwa presha ya baa 8 lazima iweze kutoa lita 2,850, yaani asilimia 150, presha isishuke chini ya baa 5.2. Vali zikifungwa zote, isipande kupita baa 11.2. Pampu ya kawaida ya maji safi mara nyingi huanguka kwenye mtihani huo wa kwanza, hata ikipakwa rangi nyekundu.

Pampu ndogo ya joki sina mengi ya kusema: inashikilia presha ili ile kubwa isiwake kwa sababu ya uvujaji mdogo.

Siku ya kukabidhi, huwa namwambia fundi wa zamu, "Washa wewe, mimi nitazame." Dizeli iendeshwe dakika 30 kila wiki, seti zote mbili za betri zikaguliwe, na ufunguo wa chumba cha pampu uwe na nakala kwa walinzi wa getini, usiku na mchana.