Kifo cha Mzee Moi: Dhana Potofu Kuhusu Waliomlilia na Waliokataa

Daniel arap Moi alifariki katika Nairobi Hospital mnamo Februari 4, 2020, akiwa na umri wa miaka 95. Alikuwa ameitawala Kenya kwa miaka 24, tangu Agosti 1978 hadi Desemba 2002. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, salamu za rambirambi zikamiminika, na papo hapo wengine wakaanza kutaja watu waliowekwa kizuizini, mateso na watu waliouawa. Wakenya wakakemeana: huyu hana adabu, yule ni mnafiki. Mengi yaliyosemwa katika kukemeana huko hayakuwa kweli, na yanarudiwa kila kiongozi mkubwa anapofariki.

Dhana: Mila zetu zinakataza kumsema marehemu

Zinakataza kumtukana maiti na kufurahia msiba wa watu wake. Hilo nalikubali bila ubishi. Kuna maneno yaliyosemwa wiki ile ambayo hata adui hastahili kuyasikia mbele ya watoto wake. Lakini mila hizo hizo zinataka deni la marehemu litajwe. Huku Pwani, maiti inapokwenda kuswaliwa, mtu wa jamaa husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Deni likithibitika hulipwa kwanza, mirathi baadaye. Hajawahi mtu kumwambia mwenye kudai kwamba amevunja heshima ya msiba.

Aliyewekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka anadai miaka yake. Na wako wanaodai zaidi ya hiyo. Mwili wa Moi ulilazwa Bungeni kuanzia Februari 8 hadi 10 ili wananchi wauage. Februari 10 ndiyo siku ambayo, mwaka 1984, wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walianza kukusanywa na vikosi vya serikali na kupelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na waliojaribu kukimbia wakapigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano baadaye ilikadiria kuwa walikaribia elfu moja. Kwa hiyo siku ya mwisho ya foleni pale Bungeni ilikuwa kumbukumbu ya miaka 36 ya wafu wa Wagalla. Sioni ni kwa adabu ipi watu wa Wajir wangetakiwa kunyamaza siku hiyo.

Dhana: Wanaomlaumu ni kabila fulani tu

Waliouawa Wagalla ni Wasomali. Waliofungiwa katika seli za chini ya Nyayo House, jengo hilo hilo ambalo Wakenya hupiga foleni kutafuta pasipoti, walitoka sehemu nyingi za nchi: wahadhiri, wanafunzi, waandishi, wakulima. Hasa tangu 1986, wakati wa kuwasaka watu wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, walifungiwa gizani ndani ya maji, wakapigwa, kisha wakafikishwa kortini kukiri. Mahakama za Kenya zimekwisha kuamuru baadhi yao walipwe fidia, kwa hiyo hatuzungumzii uvumi. Na miongoni mwa waliomkosoa Moi waziwazi alikuwemo Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Mkalenjin kama yeye, aliyekufa katika ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai.

Upande wa pili nao vivyo hivyo. Si Bonde la Ufa alikotoka peke yake lililomlilia. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali yake, yalifika shule za msingi kote nchini, na mtoto aliyekuwa akienda shule na njaa hasahau paketi ile.

Dhana: Foleni ndefu ni ushahidi wa mapenzi

Watu huenda kuaga kwa sababu nyingi: shukrani, udadisi, kutaka kuhakikisha kwa macho yao. Aliyepanga foleni 2020 huenda alikuwa Uhuru Park Desemba 30, 2002, umati ulipomzomea Moi na kumrushia matope siku ya kukabidhi madaraka. Tena tuziangalie kura. Mwaka 1992 alishinda kwa takriban asilimia 36, na mwaka 1997 kwa takriban asilimia 40. Yaani hata kwa hesabu rasmi, wapiga kura wengi walimkataa mara zote mbili, akapita kwa sababu upinzani uligawanyika. Maoni mchanganyiko hayakuzaliwa siku ya kifo chake.

Dhana: Lazima uchague, shujaa au dhalimu

Mtu mmoja anaweza kuwa amekunywa maziwa ya Nyayo, akasoma Chuo Kikuu cha Moi, na bado akawa na mjomba aliyerudi kutoka kizuizini akiwa amevunjika. Ni kweli kwamba mwaka 2002 Moi aliheshimu kikomo cha vipindi, mrithi aliyemtaka akashindwa, naye akaondoka bila damu kumwagika. Ni kweli pia kwamba mwaka 1982 chini yake kipengele cha 2A kiliingizwa kwenye katiba ili chama chake cha KANU kiwe chama pekee, na hakikuondolewa hadi Desemba 1991, baada ya watu kufa katika maandamano ya Saba Saba ya kudai vyama vingi na wafadhili kuzuia misaada. Kweli moja haiifuti nyingine.

Dhana: Raila alisamehe, basi yamekwisha

Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, alikaa kizuizini miaka mingi katika muongo wa themanini, kisha mwaka 2002 chama chake kikaungana na KANU, na akasimama kumuenzi Moi katika ibada ya Nyayo Stadium. Huo ulikuwa msamaha wake, na ilikuwa haki yake kuutoa. Hauwezi kutolewa kwa niaba ya mama wa Wajir.

Moi hakuwahi kufunguliwa mashtaka ya jinai. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Machi 2015 Rais aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Moi alipozikwa Kabarak Februari 12, 2020, kwa mizinga 19, Bunge lilikuwa bado halijaipitisha ripoti hiyo, na waathiriwa walikuwa bado wanaungoja mfuko ule. Wanaochukizwa na maneno ya matangani wangeanza kwa kuwabana wabunge wao waijadili ripoti.