Mzio wa nyama: soma pakiti, na usiku usingoje kukuche

Mzio huu ni nini?
Mwili unakataa alfa-gal, sukari iliyomo katika nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, sungura, hata dende (simbilisi). Kuku na samaki hawana. Mara nyingi huanza majuma kadhaa baada ya kuumwa na kupe.

Nilikula brosheti ya nyama saa mbili ya usiku, saa saba nikazidiwa. Si karuho hiyo, sumu ya kulishwa?
Mzio huu huchelewa, kwa kawaida masaa 2 hadi 6 baada ya kula. Mtu analala mzima, usiku anaamka anajikuna, ngozi imevimba mabaka, tumbo linakata, anatapika. Hapo familia inaanza kutafuta nani kamlisha, inampeleka kwa mtapishaji, mganga wa kutapisha sumu, na sisi wa hospitali tunaletewa asubuhi presha imeshashuka. Iwe sumu, isiwe sumu, njia ni moja: hospitali, usiku huohuo.

Hatuwezi kumpa maziwa kwanza, tungoje kukuche?
Hapana. Maziwa hayo ni ya ng'ombe, na wengine wenye mzio huu hudhurika nayo pia. Pumzi ikikwama, ulimi ukivimba, sauti ikikauka au mtu akizimia, mwamsheni motari, mwenye pikipiki, awapeleke hospitali. Kinachookoa ni sindano ya adrenalini ya paja. Tembe za mzio zinatuliza mwasho tu, hazifungui koo. Kwa hiyo hapana, msingoje kukuche. Mtapishaji naye hana adrenalini.

Nyama nimeacha. Biskuti na bombo (peremende) zina nyama gani?
Chukua bombo laini za kutafuna, zile zinazovutika. Geuza pakiti, kunjua pale plastiki ilipobanwa. Kwenye herufi ndogo kabisa, mara nyingi utakuta *gélatine* (gelatini). Hiyo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Kama haikuandikwa ni ya samaki, rudisha. Rudisha pia penye *graisse animale* (mafuta ya mnyama), *suif* (mafuta ya ng'ombe au kondoo), *saindoux* (mafuta ya nguruwe), *extrait de viande* (kiini cha nyama) au *bouillon de bœuf* (supu ya ng'ombe), na usisahau kile kipakiti cha viungo ndani ya tambi za haraka. *Huile de palme* (mawese) haina neno. E471, kiungo cha kuchanganya mafuta na maji, hutoka kwenye mimea au kwa mnyama, na pakiti haisemi. Uliyewahi kuzidiwa, achana nayo.

Bombo za rejareja za Kadutu, hapa Bukavu, zisizo na karatasi yoyote? Usile. Utasoma nini?

Imeandikwa halali. Si salama?
Halali inahusu dini. Gelatini ya ng'ombe aliyechinjwa vizuri ni ya ng'ombe bado.

Na biskuti za maziwa?
Wengi wanazivumilia. Ukiendelea kuumwa hata baada ya kuacha nyama, acha pia *lait en poudre* (maziwa ya unga) na *lactosérum* (maji ya maziwa), umwambie daktari.

Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, je?
Kula. Ila muulize mama anayekaanga: mafuta hayo yamepitisha soseji? Kama ndiyo, nunua mbichi ukakaange nyumbani.