Sauti Iliyoharibika Lokesheni Haitengenezwi kwenye Kompyuta

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimeletewa flashi yenye filamu fupi ambayo muongozaji wake, kijana mwenye bidii na jicho zuri la picha, amenieleza bila wasiwasi wowote kwamba sauti "ina kelele kidogo tu" na kwamba ana hakika nitaisafisha wakati wa kuhariri. Kazi yangu hapa Arusha ni kuhariri sauti, na maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa watengenezaji wanaojitegemea, na hata kwa watu ambao wamekwisha kutoa filamu tatu au nne. Hayana ukweli, na yamezika kazi nyingi ambazo zilistahili kuonekana.

Nichukue sini moja kutoka kwenye flashi hiyo. Imepigwa jikoni, katika nyumba ya kupanga maeneo ya Unga Limited, chini ya mabati yasiyo na dari. Mama anakata mchicha, binti amesimama mlangoni, kamera iko kwenye kona ya mbali, na maiki pekee ni ile iliyobanwa juu ya kamera. Nje kuna mashine ya kusaga, ndani friji inanguruma. Binti anatamka neno ambalo hadithi nzima imelitegemea: "Nilimwambia." Nimelisikiliza zaidi ya mara ishirini kwa hedifoni, na kila mara ninachosikia ni "ulimwambia." Lawama imehama kutoka kwa binti kwenda kwa mama, na mtazamaji hatajua kamwe kwamba kuna kosa; ataona tu kwamba hadithi haieleweki.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika lugha yetu. Kiswahili huweka mtendaji, wakati na ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, ilhali mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo silabi zinazotuambia nani alifanya, na kama alifanya au hakufanya, ndizo hutamkwa kwa nguvu ndogo, na ndizo za kwanza kumezwa na kelele.

Programu za kusafisha sauti zipo na ninazitumia kila siku, lakini zina mipaka ambayo wengi hawataki kuisikia. Mngurumo wa friji au feni haubadilikibadiliki, kwa hiyo programu inaweza kuutambua na kuupunguza. Mashine ya kusaga inayopanda na kushuka, bodaboda inayopita, redio ya jirani na watoto wanaocheza uani hubadilika kila nukta, na masafa yake, yaani kasi ya mitetemo yake, yamo mlemle ilimo sauti ya binadamu. Ukiziondoa kelele hizo, unaondoa pia sehemu ya sauti ya mwigizaji. Hata programu mpya zinazotumia akili mnemba, ambazo kwa kweli zimepiga hatua kubwa, zikilazimishwa kupita kiasi hutoa sauti iliyonyauka, yenye "s" na "sh" zilizofifia, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu mno hadi ikapasuka ni mbaya zaidi, kwa kuwa kilichokatwa hakikuhifadhiwa popote.

Chanzo kikubwa cha tatizo ni umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Kutoka nusu mita hadi mita 2 ni desibeli 12 zimepotea, wakati kelele za chumba na mwangwi wa kuta zimebaki karibu vilevile. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotafuta fedha za maiki ya bei kubwa halafu wakaiacha juu ya kamera. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ikichomekwa kwenye simu ya pili iliyo mfukoni mwa mwigizaji, kwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, itaishinda hiyo ya gharama iliyoachwa mita 3 nyuma. Rekodi kwa kilohezi 48 (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), vilele vya sauti vikae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo kabla sauti haijapasuka, na piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, ili picha na sauti zioanishwe kwa urahisi.

Chumba nacho kina dawa zake. Tundika mablanketi mazito upande ambao kamera haioni, na simamisha godoro ukutani. Zima friji, na uweke funguo za gari au za nyumba ndani yake, kwa sababu hutaondoka bila funguo na hivyo hutasahau kuiwasha tena. Kabla ya kutoka, waombe wote wanyamaze na urekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho. Bila ukimya huo siwezi kuziba vizuri mapengo yanayobaki kati ya maneno ninapokata kelele. Zaidi ya yote, mpe mtu mmoja hedifoni na mamlaka ya kusema "turudie." Katika msimu wa masika, sini ya maongezi chini ya mabati ipangiwe siku nyingine, au mvua iandikwe ndani ya hadithi.

Wapo wanaoniambia kwamba filamu kubwa zimepigwa kwa simu, kwa hiyo vifaa si hoja. Kuhusu picha wana haki: *Tangerine*, filamu ya muongozaji Mmarekani Sean Baker iliyotoka mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone 5s. Wanachosahau ni kwamba sauti yake haikutegemea maiki ya simu; ilirekodiwa kwa vifaa vya kitaalamu.

Mbali na hiyo ya kusafisha sauti, kuna dhana nyingine mbili potofu ninazozisikia kwa watengenezaji filamu. Ya kwanza, kwamba wimbo wa mtu ukitumika chini ya sekunde 30 hauhitaji ruhusa, haina msingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haitaji sekunde zozote za bure, na mara nyingi utahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au mtafute mpiga gitaa wa mtaani kwako na mwandikiane mkataba.

Dhana ya pili ni kwamba jua kali ndilo mwanga bora wa kupigia filamu. Arusha na Moshi ziko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua huwa karibu na utosi na macho ya mwigizaji hugeuka mashimo meusi. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa walio Moshi, hapo ndipo Kilimanjaro huonekana mara nyingi kabla ya mawingu kuufunika, na hapo ndipo mashine za kusaga na magereji hayajafunguliwa.

Yule kijana wa Unga Limited nimemrudishia flashi yake. Jumapili hii asubuhi, kabla mashine haijawashwa, atarudi na waigizaji wawili katika jikoni ileile, na maiki ya kubana niliyomwazima, kurekodi upya maongezi ya sini hiyo.