Si kila galaksi ina mikono
Wengi huamini kila galaksi ina mikono iliyojizungusha, maana ndiyo picha inayojaa vitabuni. Zipo pia za duaradufu. Mojawapo ni galaksi iitwayo M87, iliyo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 54; haina mikono. Gesi baridi ni haba, nyota mpya huzaliwa kwa nadra, na zile kuukuu huipa rangi ya manjano.

Mwanza unaweza kujionea. Katikati ya Mei, saa nne usiku, M87 huwa karibu na utosi wa anga, upande wa kaskazini, kati ya nyota Denebola na Vindemiatrix. Darubini yenye kioo cha sentimita 15 inatosha. Usiku usio na mbalamwezi ndio taa za wavuvi wa dagaa huwaka, kwa hiyo lipe ziwa mgongo, zoesha macho giza dakika 20, kisha tazama kidogo pembeni mwake, si moja kwa moja. Utaona doa la mviringo, kiini kimekolea. Ukiwasha simu, anza upya kuzoesha macho.