Kufundisha Watoto wa Rika Tofauti Nyumbani: Mtaala Hauchaguliwi kwa Umri

Wazazi wanaojiandaa kuwafundisha watoto wao nyumbani hutufikia na swali lilelile: mtaala upi ni bora? Mara nyingi nusu ya jibu wameshaiamua wenyewe. Wana watoto watatu, tuseme wa miaka 5, 9 na 13, nao wako mbioni kununua seti tatu kamili za vitabu, kila mtoto na darasa lake, kama shule inavyofanya. Kabla hawajalipa huwa tunawaomba wapige hesabu. Seti tatu zenye masomo manane kila moja ni vipindi 24. Kila kipindi kikichukua dakika 20 tu, na vyote vikipangwa siku moja, ni saa 8 za kufundisha bila kupumua, na hapo hujasahihisha daftari hata moja. Shule huimudu kazi hiyo kwa sababu ina walimu wengi. Nyumbani mwalimu ni mmoja, na pengine huyohuyo ndiye mpishi na mfuaji.

Ndiyo maana ushauri wetu huanzia kwingine. Acha kwanza suala la mtoto yuko darasa la ngapi, tazama somo lenyewe limejengwaje. Yapo masomo ambayo ni ngazi: hufiki kipandio cha tano bila kukanyaga cha nne. Hesabu iko hivyo, kujifunza kusoma kuko hivyo, na lugha ya pili kwa kiasi kikubwa. Katika hayo kila mtoto awe na kitabu chake, cha kiwango chake. Masomo mengine, kama historia, jiografia, sayansi ya miaka ya chini, sanaa na usomaji wa hadithi, hayana mpangilio wa lazima namna hiyo. Mtoto anaweza kujifunza habari za Misri ya kale kabla ya Roma au baada yake, na hakuna kitakachoharibika. Hayo wafundishe wote kwa pamoja. Ukigawa masomo hivyo tu, vitabu vingi vilivyokuwa kwenye orodha yako havihitajiki tena.

Sheria kabla ya vitabu

Hapa nitapita haraka, lakini usiparuke. Nchi hazifanani kabisa. Ujerumani humtaka kila mtoto ahudhurie shule, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililikataa ombi la familia iliyopinga sharti hilo. Ufaransa ilibadili utaratibu wake: tangu 2022 mzazi anaomba kibali, si kutoa taarifa tu kama zamani. Nchini Marekani elimu ya nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, ila masharti hutofautiana sana. Texas haimdai mzazi ripoti, ilhali New York inataka mpango wa maandishi wa kila mtoto pamoja na taarifa kila robo mwaka. Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 inadai elimu inayofaa umri, uwezo na kipaji cha mtoto, bila kumfunga mzazi kwenye mtaala wa taifa.

Haya yanagusa uchaguzi wako moja kwa moja. Palipo na mtihani wa kila mwaka au ukaguzi wa somo kwa somo, mtaala wenye mada zilezile kwa mpangilio tofauti utakuletea shida, hata uwe mzuri kiasi gani. Mtoto ataulizwa hesabu za sehemu (nusu, robo na kadhalika) mwezi wa sita, kumbe kitabu chake kimezipanga mwakani.

Masomo ya ngazi: pima, usikisie

Umri haukuambii mtoto yuko kipandio kipi. Mpe mtoto wa miaka 9 hesabu hii: 52 kutoa 27. Akiandika 35, usiseme "amekosea" ukaishia hapo. Tazama alivyofika. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 7 kutoa 2 ni 5, kisha 5 kutoa 2 ni 3. Hajazembea, ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu. Alichokosa ni kuelewa kwamba 52 inaweza kutazamwa kama makumi 4 na mamoja 12. Mtoto huyu ukimpa kitabu cha darasa linalolingana na umri wake, ataendelea kukosa hadi kwenye desimali, na wewe utadhani hapendi hesabu. Dawa yake iko kwenye kitabu cha chini zaidi, sura ya thamani ya tarakimu kwa nafasi, labda wiki mbili za vijiti vilivyofungwa kumikumi. Baada ya hapo anaweza kupanda haraka sana.

Wachapishaji wengi wa mitaala ya hesabu hutoa jaribio la kupima kiwango. Litumie, na ukae pembeni ya mtoto anapolifanya, maana njia aliyopitia ina habari nyingi kuliko alama atakayopata. Akitua mwaka mmoja chini ya wenzake, mwanzishe hapohapo. Wazazi wengi huona aibu kwa hili, nasi hatuoni sababu: nyumbani hakuna mtu anayesoma namba iliyoandikwa kwenye jalada.

Angalia pia mtaala unavyorudia mada. Mingine humaliza mada moja hadi ikolee ndipo ihamie nyingine. Mingine huzungukazunguka: sehemu kidogo leo, vipimo kesho, kisha sehemu tena baada ya mwezi kwa kina zaidi, wazo ambalo mwanasaikolojia Jerome Bruner alilitetea mwaka 1960. Zote mbili hufanya kazi. Hatari iko kwenye kuhama katikati. Mtoto aliyetoka kwenye mtaala wa mzunguko akiwa hajafika mzunguko wa pili wa sehemu, akaingia kwenye ule uliomaliza sehemu mwaka jana, anabaki na pengo ambalo kitabu kipya hakitalirudia. Kwa hiyo ukihama, pitia yaliyomo ya vitabu vyote viwili, ukiwa na kalamu mkononi.

Kuhusu kusoma, kuna jambo ambalo wanaoagiza mitaala ya Kiingereza hulisahau. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, ulionyesha kwamba katika nyingi kati yake watoto humudu misingi ya kusoma kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha, lakini wanaoanza na Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi, maana herufi zake hazifuati sauti kwa utaratibu mmoja. Programu ya Kiingereza inayotumia miaka miwili au mitatu kwenye sauti za herufi ina haki ya kufanya hivyo. Mtoto anayeanza na Kiswahili hahitaji muda wote huo: akishajua silabi, anasoma, na kinachobaki ni kasi, msamiati na kuelewa. Ukimfundisha lugha zote mbili, usitumie ratiba ya moja kupimia nyingine. Polepole yake katika Kiingereza huenda ni polepole ya Kiingereza chenyewe.

Masomo ya pamoja: mada moja, kazi tatu

Wazo la kuchanganya rika si geni. Maria Montessori, daktari na mwanaelimu wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo huko Roma mwaka 1907, aliweka watoto wanaopishana hadi miaka mitatu katika chumba kimoja, nasi tunaona mpango huo ukifanya kazi vizuri kati ya ndugu. Kinachowashinda wazazi ni kazi za kutoa baada ya mada, hivyo tuangalie somo moja kwa karibu.

Mada ni maji kugeuka mvuke. Chukua vyombo viwili vyenye kuta zilizonyooka, kimoja chembamba kama bilauri, kingine kipana kama sinia lenye kingo. Mimina mililita 200 za maji katika kila kimoja, uviweke pamoja mahali pamoja. Wa miaka 5 anamimina, anachora alichoona siku ya kwanza na ya tatu, anakusimulia. Basi, kazi yake imekwisha. Wa miaka 9 anapima kina cha maji kwa rula kila asubuhi na kujaza jedwali. Hapo atakutana na kitu kitakachomsumbua: mara nyingi kina hushuka kwa kasi inayokaribiana katika vyombo vyote viwili, lakini sinia ndilo linalokauka kwanza. Usimpe jibu. Mwache abishane na mkubwa wake.

Wa miaka 13 kazi yake ni kueleza kwa nini. Anatafuta eneo la uso wa maji katika kila chombo, analizidisha kwa kiasi ambacho kina kimeshuka, na kugundua kwamba sinia limepoteza maji mengi zaidi kwa ujazo. Anachora grafu, anarudia jaribio akiwa amefunika chombo kimoja, kisha anaandika ripoti inayotaja alichobadilisha na alichokiacha vilevile. Mzazi ameandaa somo moja, na hakuna mtoto aliyefanya kazi ya mwenzake.

Historia na jiografia ni rahisi zaidi. Panga mzunguko wa miaka mitatu au minne, wote wasome kipindi kimoja cha historia kwa wakati mmoja, mdogo akisikiliza simulizi na mkubwa akisoma maandishi marefu na kuandika hoja. Mzunguko ukianza upya, aliyekuwa mdogo anakutana na mada ileile akiwa na akili nyingine. Ila kikomo kipo. Kuanzia miaka 13 au 14, fizikia na kemia huanza nazo kuwa ngazi, na mkubwa lazima ajitenge.

Kupunguza bila kuharibu

Kitabu cha kiada huandikwa kwa darasa zima, hivyo hujazwa mazoezi ya kumtosheleza mwepesi na mzito. Wewe una mtoto mmoja mbele yako. Akielewa, fanyeni maswali ya namba witiri tu, na za shufwa zibaki kwa marudio baada ya wiki mbili. Kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurudia mara nyingi siku moja. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha hivyo mwaka 1885 kwa kuipima kumbukumbu yake mwenyewe.

Tenganisha maarifa na mkono. Watoto wengi wa miaka 6 hadi 8 wana fikra zinazokwenda mbele ya kalamu. Mtoto anayeweza kukueleza sababu tatu za jambo kwa mdomo, lakini akiambiwa aandike anatoa sentensi moja, hana tatizo la historia. Aseme, wewe uandike, kisha anakili sentensi mbili kama zoezi la mwandiko. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, alijenga mfumo mzima juu ya kusimulia kwa mdomo na vipindi vifupi, visivyozidi dakika 20 kwa wadogo. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno, ataendelea kuhitaji kusomewa kitabu cha sayansi hata akiwa na miaka 12, huku mafunzo yake ya kusoma yakienda kando kwa hatua zake. Kumnyima sayansi mpaka asome vizuri ni kumrudisha nyuma mara mbili.

Kwa wa miaka 5 tuna maoni ambayo hayawafurahishi wauzaji: hahitaji seti ya mtaala. Anahitaji kusomewa kila siku, kuhesabu vitu halisi, kuchora, kukata, kucheza, na dakika chache za herufi akionyesha hamu. Finland huwaanzisha watoto shule ya msingi katika mwaka wanaotimiza miaka 7.

Kwa mkubwa hesabu hugeuka. Kama ana mtihani wa taifa au wa kimataifa mbele yake, anza na mtihani, urudi nyuma hadi leo. Pata muhtasari rasmi wa somo, uliza kituo kama kinapokea watahiniwa wa kujitegemea, na ujue mapema ni masomo gani yanadai maabara au kazi inayosahihishwa mwaka mzima. Baadhi ya masomo ya sayansi ya Cambridge IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari, yana karatasi ya maandishi inayochukua nafasi ya mtihani wa maabara, na hiyo imewaokoa wanafunzi wengi wa nyumbani. Mitihani mingine haina.

Kabla hujautupa mtaala

Machozi ya wiki ya kwanza si ushahidi kwamba mtaala ni mbaya. Ukipita mwezi mmoja na nusu hali haijabadilika, chunguza vitu kwa mpangilio huu: kiwango kwanza, halafu urefu wa kipindi, halafu saa ya siku, na mtaala wenyewe mwisho. Angalia pia unakaa wapi wakati huo. Wa miaka 9 anapofanya mazoezi peke yake ndipo uwe na wa miaka 5 kwenye herufi, na mkubwa asubiri zamu yake akiwa na kitu cha kusoma. Ratiba inayowataka wawili wakuhitaji dakika ileile itaonekana kama mtaala uliofeli.

Vyovyote utakavyochagua, tunza faili la kila mtoto: jina la kitabu na toleo lake, mada ya mwisho aliyoimaliza, sampuli mbili au tatu za kazi kwa kila muhula zikiwa na tarehe, na majaribio ya kiwango pamoja na majibu yaliyokosewa. Siku akihamia shule, mwalimu atakayempokea hatasaidiwa sana na wastani wa alama ulizompa wewe mwenyewe. Ataomba kuona daftari la hesabu.