Uso uliovimba alfajiri usilisingizie ini

Hapa Lamu, mtu akishaambiwa kwamba ultrasaundi imeonyesha mafuta kwenye ini, basi kila kinachomsumbua baadaye hutwikwa ini hilo: uchovu, miguu kujaa, hata uso kuvimba. Naomba tutenganishe. Uso ukiamka umevimba kuzunguka macho, kisha ukapungua kufikia adhuhuri, tazama figo kwanza. Mafuta ya ini hayavimbishi uso.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Vikiwaka uvimbe, yaani nefritisi, damu na protini hupenya hadi kwenye mkojo. Mkojo huwa kama chai ya rangi iliyokolea, au hutoa povu lisilokwisha upesi, na presha hupanda. Kwa watoto, mara nyingi huzuka wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa koo, au wiki 3 hadi 6 baada ya vidonda vya ngozi. Ndiyo maana upele uliokunwa hadi ukatunga usaha haufai kupuuzwa.

Kipimo cha kwanza ni kijiti cha kupimia mkojo. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wa mwanzo umwage, ukinge wa katikati. Chovya, toa mara moja, kilaze, kisha soma kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa, kwa kawaida dakika 1. Ukikisahau, rangi huendelea kugeuka na jibu huwa si kweli. Mwanamke aliye hedhini asubiri imalizike. Na kichupa kifungwe papo hapo: unyevu wetu wa pwani huharibu vijiti kabla ya tarehe yake. Damu na protini zikionekana pamoja, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja) na presha zipimwe siku hiyo hiyo, kwani figo inaweza kuharibika kwa wiki chache tu.

Ini huenda taratibu. Huitwa la mafuta yakizidi asilimia 5, na hukaa miaka bila kuuma. Hata vipimo vya damu huweza kuwa sawa. Tiba kubwa ni uzito: mwenye kilo 80 akipunguza kilo 6 hadi 8 polepole, mafuta na uvimbe wa ndani ya ini hupungua. Kahawa chungu ya barazani haina kosa. Kosa ni halua inayoisindikiza, soda, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Miguu ikijaa kwa sababu ya ini, au macho yakawa manjano, huenda ini limeshaingia makovu, na hayo ni ya hospitali.

Mwenye nefritisi adui yake ni chumvi: papa mkavu, ng'onda, achari. Tena aziache diklofenaki na ibuprofeni za dukani, hata mgongo ukiuma.

Mwenye kisukari huweza kuwa na yote mawili, la ini na la figo, na ultrasaundi ya ini haionyeshi vichujio vilivyowaka. Ukipewa karatasi yake, omba na mkojo upimwe.