Simu ya kazi ikikataa neno la siri: dhana potofu na ukweli

Mtu akisema "simu imekataa pasiwedi", muulize kwanza: pasiwedi ipi? Simu ya kazi huwa na kufuli nne zisizojuana: namba ya siri ya skrini, PIN ya laini, neno la siri la akaunti ya ofisi, na lile la akaunti ya Google au Apple. M-Pesa nayo ina namba yake, na haihusiani na hizo nne.

Dhana: ukiendelea kubahatisha, mwisho utaipata.
Kila kufuli ina ukomo. PIN ya laini ukiikosea mara 3, simu inadai PUK, namba ya kuifungulia laini, yenye tarakimu 8. PUK ukiikosea mara 10, kadi hiyo imekufa na dawa yake ni kadi mpya tu. Tafuta PUK kwenye kipande cha plastiki ulichobandulia laini, au iombe kampuni ya simu. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mwajiri, ombi lipitie kwa mwajiri. Kwenye iPhone, ukikosea namba ya skrini mara 10, kwa kawaida kinachobaki ni kuifuta simu. Ukishakosea mara mbili, weka simu chini.

Dhana: akaunti ya ofisi inajifunga kila mara, basi kuna mdukuzi.
Mara nyingi mkosaji ni simu yenyewe. Umebadilisha neno la siri kwenye kompyuta, lakini simu bado imeshika la zamani sehemu mbili: kwenye programu ya barua pepe na kwenye Wi-Fi ya ofisi. Inalituma tena na tena bila wewe kugusa kitu, na seva inahesabu makosa. Ndiyo maana TEHAMA, yaani kitengo cha kompyuta cha ofisi, wanaifungua akaunti saa nne, na saa nne na robo imejifunga tena. Wengi hukosea mpangilio, wanaomba kufunguliwa kabla ya kuinyamazisha simu. Fanya hivi:

1. Ingia mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao wa ofisi, usahaulishe (Forget).
2. Weka simu hali ya ndege, uhakikishe Wi-Fi nayo imezimika.
3. Wapigie TEHAMA kwa simu nyingine, waifungue akaunti.
4. Toa hali ya ndege, washa data, weka neno jipya kwenye barua pepe.
5. Barua zikishaingia, ndipo ujiunge upya na Wi-Fi kwa neno jipya.

Akaunti ikijifunga tena simu ikiwa imezimwa, kagua tableti au kompyuta ya nyumbani yenye akaunti hiyo. Kama navyo vimezimwa, hapo waombe TEHAMA waangalie majaribio yanatoka wapi; sasa hofu ya mdukuzi ina msingi.

Dhana: namba 6 za uthibitisho zinazotolewa na programu ya simuni (authenticator) zikikataliwa, programu imeharibika.
Angalia saa. Namba hizo hubadilika kila sekunde 30 na hukokotolewa kwa saa ya dunia, UTC. Chukua simu iliyotoka Dubai, ambako saa iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja. Ukirudisha mishale kwa mkono badala ya kubadilisha ukanda wa saa, skrini itasoma sawasawa, lakini ndani simu imepotoka saa nzima na kila namba itakataliwa. Washa saa na ukanda wa saa wa kiotomatiki.

Dhana: simu ikikataa kidole, kihisio kimekufa.
Ikizimwa na kuwashwa, lazima idai namba ya siri, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayofungua data iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa isisomeke. Mtu anayetegemea kidole peke yake huisahau.

Dhana: fundi ataiflashi tu, yaani ataifuta na kuipakia upya.
Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa nguvu hudai akaunti ya Google iliyokuwamo. Iliyosajiliwa na kampuni mara nyingi hurudi kwenye usajili wa kampuni. Picha na mafaili ambayo hayakuhifadhiwa kwingine ndiyo yamekwenda.

Dhana: TEHAMA wanaiona namba yako ya siri.
Hawaioni. Simu ikiwa ya kampuni, wanaweza kutuma amri ya kuiondoa au kuweka nyingine. Simu ikiwa yako na ina wasifu wa kazi tu wa Android (sehemu ya kazi iliyotengwa na mambo yako), wanagusa kufuli ya upande wa kazi peke yake. Amri hiyo inahitaji mtandao, na hapa iPhone hukwamisha wengi: ikishazimwa na kuwashwa, haijiungi na Wi-Fi mpaka ifunguliwe. Basi usiizime. Kama imeshazimwa, tia laini yenye bando, isiyo na PIN, ndipo TEHAMA watume amri.